Rivyu: kozi ya dharura za uzazi kwa midoli hapa Dodoma, hela nimetoa mfukoni mwangu

Naanza na bei maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anauliza. Laki moja na themanini, siku tatu, chai na msosi wa mchana ndani yake, malazi utajijua mwenyewe, posho hakuna na wala usiulize. Kozi inahusu dharura za mama anayejifungua na mtoto mchanga, inafundishwa kwa simulesheni, yaani midoli na maigizo badala ya mgonjwa, kwenye chuo kimoja cha afya hapa mjini. Jina naliacha, kuna mambo nitayasema siyo matamu na wenyewe nimeshawaambia ana kwa ana, na vyuo vya afya Dodoma sahivi viko kila kona kwa hiyo msianze kukisia. Wenzangu wa Chamwino na Bahi wamenisumbua wiki nzima "vipi, inalipa?" sasa naandika mara moja nimalize.

Mi ni nesi mkunga, nafanya leba kwenye kituo cha afya, siyo hospitali kubwa. Usiku tunakuwa wawili, tukibahatika watatu. Kwa hiyo kozi ya namna hii naipima kwa swali moja tu: mama akianza kumwaga damu saa nane usiku, au mtoto akitoka kimya, mikono yangu na ya mwenzangu itafanya kitu tofauti na ilivyokuwa inafanya kabla sijaenda? Mambo ya cheti kizuri, jengo zuri, sijui AC inapuliza, hayo ni ziada.

Na jengo kweli zuri, tusiwanyime haki yao. Siku ya kwanza asubuhi walitutembeza maabara ya mafunzo, vitanda vimepangwa kama wodi, kuna chumba chenye kioo cha kuangalia kwa nje, na ndani amelala mdoli mkubwa wa mtu mzima anayeendeshwa na kompyuta, anapepesa macho, anapumua, ukimshika mkono unasikia pulsi. Watu walitoa simu, picha, video, selfi, mpaka mkufunzi akabidi aseme jamani tuendelee. Huo mdoli ndo mara ya kwanza na ya mwisho kuuona. Siku ya pili umeme ulikatika kidogo asubuhi, uliporudi kompyuta yake ikagoma, fundi yuko Dar, basi. Sikusikitika hata kidogo na nitaeleza kwa nini.

Vitu tulivyovifanyia kazi hasa ni viwili, NeoNatalie na MamaNatalie, vyote vya kampuni ya Laerdal ya Norway, na waliopita kwenye mafunzo ya HBB ya kumsaidia mtoto apumue wanaijua NeoNatalie. Ni mdoli wa kichanga wa bei ya chini, unaujaza maji ya uvuguvugu kama lita mbili ili uzito na ulegevu viwe vya mtoto kweli, kitovu kinapiga pulsi mkufunzi akibonyeza kipira, na kifua kinapanda PALE TU ukiwa umeweka kichwa sawa na maski imebana vizuri. Ukikosea hakipandi. Huhitaji mwalimu wa kukufokea, kifua chenyewe kinakwambia umekosea. MamaNatalie yenyewe anaivaa mtu mzima tumboni kama aproni, ndani kuna mtoto, kondo la nyuma na mfuko wa damu bandia, na aliyeivaa ndo anaamua damu itoke kiasi gani na mfuko wa uzazi uwe mgumu au uwe tepetepe ukiukanda.

Sasa hapa ndo unaona bei ya mdoli siyo ubora wa mafunzo. Aliyevaa MamaNatalie alikuwa mkufunzi mmoja dada wa makamo, mkunga wa siku nyingi, na yule dada ni hatari. Alipanda kitandani akaanza kulalamika kwa Kigogo, kuna wenzetu wa Mbeya na Tanga wakabaki wanaangaliana, tukapiga kelele jamani atafsiriwe, akasema leo hakuna mtafsiri, mgonjwa ndo huyu. Pembeni wakamweka mkufunzi mwingine acheze mama mkwe, ana kanga kichwani na chupa ya "dawa" mkononi, anataka mkwewe anywe ili kondo litoke. Mwenzetu mmoja akawa amekwama katikati, huku damu inatoka, huku bibi anasogea na chupa. Mwishowe akasema kwa heshima kabisa, "Bibi yangu, hiyo tutunzie kwanza, naomba unishikie huyu mjukuu nimhudumie mama yake," bibi akapewa mtoto, akakaa, akanyamaza. Sijawahi kuona hicho kipande kwenye mwongozo wowote lakini ndo kazi yenyewe ilivyo huku kwetu, na mdoli wa kompyuta hauwezi kukuletea mama mkwe.

Kwa hiyo uhalisia, MamaNatalie na yule dada, nawapa nyota zote.

NeoNatalie sasa. Mmoja ulikuwa mzima. Wa pili mapafu yamechanika kwa ndani, ukibonyeza ambu, ule mpira wa kumsukumia mtoto hewa, hewa inavuja, kifua kimelala kama ubao. Badala ya kuutoa mezani mkufunzi wa hiyo meza akawa anasema "chukulia kifua kimepanda". Kila anayefika: chukulia kifua kimepanda, haya endelea. Hii iliniuma. Nimeeleza hapo juu kwamba kifua kupanda ndo mwalimu mwenyewe, ukitoa hicho kitu umebaki na mtu anabonyeza mpira juu ya plastiki, anaondoka anajiamini na maski yake inavuja pembeni, af anaenda kukutana na mtoto wa kweli ana dakika moja. Watu wa HBB wanaiita Dakika ya Dhahabu, yaani ndani ya sekunde 60 za kuzaliwa mtoto awe amekaushwa, amechangamshwa, na kama hapumui basi ambu imeshaanza, pumzi kama 40 kwa dakika. Huwezi "kuchukulia" hapo. Mdoli umeharibika, sema umeharibika, tubanane kwenye mmoja.

Kubanana kwenyewe nako ni ishu nyingine. Tulikuwa kama thelathini hivi na zile meza mbili, kwa hiyo zaidi ya kumi kwa mdoli mmoja, huku utaratibu wa HBB wenyewe ni mkufunzi mmoja kwa watu sita na mnafanya wawili wawili, mmoja anatenda mwenzie anamwangalia na kumrekebisha. Matokeo yake waliopiga ambu sana ni wale wachangamfu, mdada mmoja wa zahanati ya huko Kondoa ndani alishika maski mara moja tu na ndo mtu pekee pale ambaye kazini yuko peke yake. Waliochelewa kujiandikisha walipokelewa mlangoni mpaka viti vikaisha, naelewa hela inatafutwa, lakini kwenye kozi ya vitendo kila kichwa unachoongeza umepunguza mikono ya mwenzake.

Haya tuje kwenye kitu kilichonifanya nisijutie ile laki na themanini, nacho ni kikao cha baada ya zoezi, wenyewe wanaita dibrifingi. Kwa wanaojiandaa kwenda, msikimbilie chai hapo, hapo ndo kozi ilipo.

Nimekaa kwenye mafunzo mengi ambapo ukimaliza zoezi mkufunzi anasoma chekilisti: hukuita msaada, hukutoa mkojo, hukuangalia kondo kama limekamilika, umepata sita kwa kumi, next. Unatoka umeumbuka na hujui ulikosea kwa nini. Yule dada alifanya tofauti. Zoezi lilikuwa damu baada ya kujifungua, mwenzetu mmoja kijana amekanda mfuko wa uzazi vizuri tu lakini oksitosini, ile sindano ya kubana mfuko wa uzazi damu ikate, imechelewa kweli kweli. Tukakaa duara. Akamuuliza kwanza, "Umejisikiaje?" Kijana akasema presha. Akamwambia, "Nimeona umekanda ukaacha, ukaangalia mlangoni, ukarudi kukanda. Pale ulipoangalia mlango ulikuwa unawaza nini?" Kijana akakaa kimya kidogo, af akasema, "Nilikuwa namsubiri daktari aje aseme dozi." Dozi anaijua, uniti 10 kwenye msuli, ameiandika kwenye pretesti akapata. Ila kwao akichoma kabla daktari hajasema anagombezwa. Hapo chumba kizima kikaamka, kumbe nusu ya watu wana kitu hicho hicho, na mjadala ukahama kutoka kwenye dozi kwenda kwenye namna ya kuongea na daktari wako kabla ya shida haijatokea mkubaliane kwamba mama akivuja dawa inaenda, simu inafuata. Chekilisti ingeandika tu "oksitosini imechelewa" na kijana angeambiwa akasome.

Kitu kingine alichofanya huyu dada, siku ya pili baada ya chai, aliondoa oksitosini kwenye troli. Maana siku ya kwanza kila kitu kilikuwa kimepangwa mezani, sindano imeshavutwa, kanyula, dripu, glovu za saizi yako, na kazini nani ana leba ya hivyo? Oksitosini inatakiwa kwenye ubaridi, nyuzi 2 hadi 8, vituo vingi friji ni la chanjo, liko chumba kingine, ufunguo uko mfukoni kwa mtu aliyetoka shifti. Akaweka dawa kwenye friji la jikoni la chuo akampa mlinzi ufunguo bila kutuambia. Jamani. Mtu ameshika tumbo la mama, mwingine anakimbia korido anauliza "ufunguo nani anao, ufunguo nani anao", damu bandia imejaa beseni. Tulicheka mno lakini kwenye duara hakuna aliyecheka, kila mtu akaanza kusema friji la kwao liko wapi. Mi mwenyewe niliporudi kazini kitu cha kwanza nilichoongea na inchaji ni ufunguo, sahivi unaning'inia kwenye msumari ndani ya leba.

Sasa lawama kubwa kuliko ya mdoli uliopasuka, na hii siyo ya chuo hiki peke yake. Ubora waliupimaje? Pretesti asubuhi ya kwanza, postesti jioni ya mwisho, maswali yale yale, kila mtu kapanda, makofi. Af fomu ya maoni: ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mkufunzi alikuwaje, weka tiki. Kinachochekesha ni kwamba kwenye pawapointi yao wenyewe kulikuwa na slaidi ya Kirkpatrick, yule Mmarekani wa mwaka 1959 mwenye ngazi nne za kupima mafunzo: je wameyapenda, je wamejifunza, je wamebadilika kazini, je matokeo kwa wagonjwa yamebadilika. Wakatufundisha ngazi nne, wao wakaishia ya pili.

Na mfano wa kwa nini ya pili haitoshi hauko Ulaya, uko hapo hospitali ya Haydom, mkoa wa jirani tu Manyara. Mwaka 2010 walitoa mafunzo ya HBB ya siku moja pale hospitalini. Wakapima, maarifa juu, ustadi kwenye mdoli juu, safi. Wakaenda leba kuangalia watu wale wale na watoto wa kweli, wakakuta namna ya kuhudumia haijabadilika. Fikiria hiyo, kwenye mdoli wanaweza, kwa mtoto hamna kitu. Hawakukata tamaa wala kununua mdoli wa gharama zaidi, walileta mdoli wodini wakawa wanafanya zoezi fupi la dakika 3 mpaka 5 kila wiki, hapo hapo kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila vizazi 1,000. Baadaye wazo hilo hilo likapanuliwa kwenye programu ya Safer Births, vituo 30 mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kukawa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, vifaa, takwimu za kituo chenyewe zinarudishwa kwa wahudumu wazijadili, na matokeo yalichapishwa 2025 kwenye New England Journal of Medicine: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baada ya hapo vimeshuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa 1,000, na vya akina mama vimeshuka sana. Sasa kozi inayofundishwa Dodoma, saa chache tu kwa gari kutoka Haydom, inakuwaje inaishia kwenye cheti na picha ya pamoja?

Niliuliza, nani atatufuata kuona kama tunafanya? Nikajibiwa kuna grupu la WhatsApp. Lipo kweli. Wiki ya kwanza watu walitupia maswali mazuri, mkufunzi akajibu, wiki zilizofuata ni "amkeni na baraka", mtu anauza vitenge, mtu anauza zabibu za Hombolo, mwingine anatafuta wa kubadilishana naye kituo. Nimeweka mute.

Lingine dogo lakini linaboa, tulikuwa manesi watupu na tabibu mmoja. Mazoezi ya kupeana taarifa kwa timu tukafanya nesi kwa nesi. Walijitahidi, zoezi la kupiga simu ya rufaa kwenda General, yaani hospitali ya mkoa, lilikuwa zuri, mkufunzi yuko chumba cha pili anapokea simu anajibu "sema tena, network," unalazimika kusema kwa kifupi mama ni nani, ana nini, umefanya nini, unataka nini. Ila yule daktari anayengojewa mlangoni na yule kijana hakuwepo kozini, kwa hiyo tumeenda kujifunza kumwambia kitu ambacho yeye hajui kama tumekijadili. Wangeuza kozi kwa timu, kituo kinaleta nesi wawili, daktari, mtu wa maabara na dereva wa ambulensi, hata kwa bei ya punguzo.

Chakula kilikuwa wali kuku siku zote, hakuna la kusema. Vyoo safi. Maji ya kunywa yanaisha saa tano na Dodoma hii ya Oktoba unaijua, beba chupa.

Pointi za CPD, zile za kujiendeleza kitaaluma, zilikuja bila longolongo, wale mnaotaka kuhuisha leseni Baraza la Uuguzi na Ukunga hilo liko sawa.

Nyota: uhalisia wa matukio tano kwa tano. Dibrifingi ukikaa kundi la yule dada tano, kundi la pili nimeambiwa walisomewa chekilisti kwa hiyo mbili. Vifaa vya mtoto mbili. Idadi ya watu moja na nusu. Ufuatiliaji sifuri, nasema sifuri. Jumla naweka tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya mama mkwe.

Ukitaka kwenda kozi hii au nyingine yoyote ya aina hii kabla ya kutuma hela piga simu uulize: mko wangapi kwa mdoli mmoja, baada ya zoezi kuna muda gani wa kukaa kuongea, na kuna mtu atakuja kituoni kwangu au ndo basi. Wakijibu kwa kukutajia mdoli unaopepesa macho, uliza tena. Wenye zahanati mbali mnaofanya peke yenu, nendeni hivyo hivyo lakini siku ya kwanza kaa mbele, shika maski usiachie mpaka umeona kifua kinapanda. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho subirini kwanza, mna skilzi lab zenu chuoni hamjazimaliza na hela hii ni kodi ya miezi kadhaa.

Maoni yangu walipokea vizuri, mratibu alinipigia mwenyewe akasema mdoli wameagiza mapafu mapya na awamu ijayo watagawa makundi ya watu sita. Suala la kuja vituoni akasema "tunaliangalia". Wakiligusa nitakuja kuhariri hizi nyota.